RAM imepanda karibu mara tatu: ninunue sasa au nisubiri ishuke?

"Nipo Morogoro, nafanya video za harusi na send-off. Laptopu yangu ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8. Agosti mwaka jana niliuliza Kariakoo bei ya RAM ya GB 16, aina ya DDR4 ya laptopu, nikaambiwa 95,000. Sikuwa na haraka, nikasema nitanunua msimu ukichanganya. Juzi nimerudi duka lile lile, kwa mtu yule yule, ananiambia 270,000. Nikauliza kulikoni, akasema dola. Duka la pili wakasema kodi. Rafiki yangu anasema wameficha mzigo makusudi. Mdogo wangu aliye chuo anasema ni mambo ya akili mnemba, nikamcheka. Mimi ninachojua, vitu vya kompyuta vikikaa hushuka bei, tena hii DDR4 ni ya zamani, ilipaswa kuwa rahisi. Je, itashuka kweli? Ninunue sasa, nisubiri, au nikope nibadilishe laptopu nzima?"

Ndugu yangu, anza kwa kumpigia simu mdogo wako umwombe radhi. Katika hao wote waliokupa sababu, yeye ndiye aliyegonga penyewe. Swali lako nalipata kwenye banda langu la ufundi wa kompyuta karibu kila wiki siku hizi, na nyuma yake huwa kuna hofu moja: kwamba utatoa 270,000 leo, halafu mwezi ujao utapita dukani ukute imerudi 95,000, ubaki unajiona mjinga. Hofu hiyo iweke pembeni. Hairudi 95,000 mwezi ujao, wala baada ya miezi mitatu. Kushuka, itashuka. Ubishi ni lini, na siku hiyo ikifika kitakachoshuka ni hiyo RAM unayoitaka wewe au nyingine kabisa.

Tuanze na dola. Ingekuwa dola, kila kitu kingepanda pamoja pale dukani: chaja, kipanya, kibodi, hata begi la laptopu. Muulize yule yule bei ya chaja uone kama nayo imepanda mara tatu. Tena nusu ya pili ya 2025, RAM zilipoanza kupaa, shilingi yetu ilikuwa inaimarika dhidi ya dola. Kenya nako shilingi yao ilikaa karibu na 129 kwa dola mwaka mzima wa 2025, na wenzetu wa Nairobi wanalia kilio hiki hiki. Kodi nayo hutozwa kwa asilimia: bei ya mzigo ikikua, shilingi za kodi zinakua nayo. Hiyo inaongezea maumivu, lakini haiwezi kugeuza tisini na tano kuwa mia mbili sabini.

Hilo la kuficha mzigo lina ukweli kidogo, ila si kwa namna rafiki yako anavyofikiri. Muuzaji mwenye akili hapangi bei kwa kuangalia alinunua shilingi ngapi. Anaangalia akiuza hiki, kingine kama hicho atakipata kwa ngapi. Akikuuzia RAM ya mwisho kwa bei ya zamani, kisha ajenti wake wa Dubai au Guangzhou amtajie bei mpya, fedha uliyompa haitoshi kujaza hata nusu ya rafu. Yamenikuta mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka jana niliandika profoma (hati ya bei kabla ya malipo) ya kompyuta kumi na mbili za shule moja, nikaweka bei ya wiki ile. Malipo yalivyoingia baada ya wiki tano, msambazaji wangu akawa ameshabadilisha bei mara mbili. Nilizipeleka kwa bei niliyoandika, maana niliisaini, nikala hasara. Tangu siku hiyo profoma zangu zinaisha muda baada ya siku tatu, na najua kuna wateja wanaoniona mimi ndiye mlanguzi. Walanguzi wapo, sikatai, ndiyo maana uliza maduka manne kabla hujatoa hela. Ila ukikuta yote manne yamekaribiana, tatizo haliko mtaani kwako.

Liko wapi basi? Fikiria nyanya za Ilula. Bei ikipanda msimu huu, kila mtu analima nyanya. Msimu unaofuata matenga yanajaa barabarani, bei inaanguka, watu wanakata tamaa na kuhamia vitunguu. Nyanya zinaadimika, bei inapanda tena. Chipu za kumbukumbu zinaenda hivyo hivyo, kwa sababu RAM ni bidhaa isiyo na sura: GB 16 ya kampuni hii na GB 16 ya kampuni ile zinafanya kazi ile ile, kwa hiyo wanashindana kwa bei tu. Tofauti ni mbili. Nyanya unaivuna baada ya miezi mitatu hivi, lakini kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka miwili, mitatu, au zaidi kujengwa na kuanza kutoa mzigo, na gharama yake inahesabiwa kwa mabilioni ya dola. Na wakulima wa nyanya ni maelfu, wakati RAM ya dunia nzima, zaidi ya asilimia 90, inatoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani.

Najua utauliza: watatu tu, si wanakaa mezani wanapanga bei? Waliwahi. Kati ya 1998 na 2002 watengenezaji wa RAM walipanga bei kwa siri, wakakamatwa Marekani, na Samsung peke yake ikakubali mwaka 2005 kulipa faini ya dola milioni 300. Kwa wimbi hili la sasa, hata bila njama, hesabu zinajieleza zenyewe.

Hesabu zinaanzia mwaka 2023. Wakati wa korona dunia nzima ilinunua kompyuta kwa pupa, viwanda vikazalisha kupita kiasi, kisha watu wakaacha kununua. Bei ikaporomoka mpaka watengenezaji wakawa wanauza kwa hasara. Micron ilifunga mwaka wake wa fedha wa 2023 na hasara ya zaidi ya dola bilioni 5. Kitengo cha chipu cha Samsung kilipoteza karibu won (fedha ya Korea) trilioni 15 mwaka huo huo. Wakapunguza uzalishaji na kuahirisha upanuzi. Bei tulizozizoea sisi mafundi, tukazipenda, tukaziona ndizo halali, zilichangiwa na mafuriko hayo ya RAM sokoni. Kwa hiyo ukisema "itarudi lini kwenye bei yake", kumbuka kwamba bei uliyoishika kichwani ilikuwa karibu na sakafu.

Wakati viwanda vimejikunyata hivyo ndipo akili mnemba ikabisha hodi. Mitambo inayoendesha hizo programu za kuzungumza na kuchora picha inatumia chipu maalumu, na kila chipu imezungukwa na kumbukumbu ya aina yake iitwayo HBM. Ile H100 ya kampuni ya Nvidia iliyoanza kuvuma 2023 ina GB 80 za HBM. B300 ya juzi juzi ina GB 288. Hiyo ni chipu moja, na vituo vya data vinazinunua kwa maelfu.

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tulia nikueleze taratibu. RAM yako na HBM zinatoka kwenye malighafi ile ile: sahani nyembamba ya silikoni, ya duara, yenye upana wa sentimita 30. Sahani inaingia kiwandani, inapita kwenye hatua mamia kwa muda wa miezi mitatu hivi, inatoka imejaa chipu ndogondogo, zinakatwa. Ukizifanya RAM ya kawaida, zinapangwa bapa kwenye kile kibao cha kijani unachokijua. Ukizifanya HBM, zinapangwa ghorofa, chipu nane au kumi na mbili moja juu ya nyingine, na matundu ya nyaya yanapita katikati yake. Matundu yanakula nafasi, na ghorofa ikiharibika chipu moja unapoteza nyingi. Matokeo yake, GB moja ya HBM inakula sahani kama mara tatu ya GB moja ya RAM ya kawaida. Mwenye kiwanda anapohamisha sahani moja kwenda HBM, anawaondolea watu kama wewe GB tatu ili ampe mwenye kituo cha data moja. Na huyo wa kituo cha data analipa zaidi, analipa mapema, tena kwa mkataba. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kiwanda ungemuuzia nani?

Oktoba 2025 OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitangaza makubaliano ya awali na Samsung na SK Hynix yanayolenga hadi sahani 900,000 kwa mwezi. Mwezi huo huo SK Hynix wakasema uzalishaji wao wa 2026 umekwishapata wanunuzi. Soko lilipata kiwewe: hata wasiokuwa na shida ya RAM wakaanza kuweka akiba, na akiba ya hofu ndiyo hupandisha bei haraka kuliko uhaba wenyewe. Kisha tarehe 3 Desemba Micron wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Crucial ndiyo RAM niliyowawekea wateja wangu kwa miaka, sikuwahi kurudishiwa hata moja. Nilisoma tangazo lile mara mbili.

Sasa njoo kwenye hoja yako ya DDR4, kwamba ni ya zamani hivyo iwe rahisi. Ni kosa la wengi, na lina mantiki yake. Kitu cha zamani hushuka bei pale tu ambapo bado kinatengenezwa au wanaokihitaji wanapungua haraka. DDR4 imekutana na kinyume chake. Mwaka 2025 hao wakubwa watatu walianza kuifunga ili mashine zao ziende DDR5, kizazi kinachofuata cha RAM, na HBM, wakati kompyuta zinazoitumia bado zimejaa duniani, hasa kwetu huku ambako laptopu nyingi ni zilizotumika Ulaya na Marekani. Katikati ya 2025 ilifika mahali DDR4 ikawa ghali kuliko DDR5 kwenye soko la jumla. Kwa hiyo ile 95,000 ya Agosti, kwa maoni yangu, ilikuwa bei ya mzigo wa zamani uliokuwa haujaisha dukani. Hukuikosa kwa uzembe. Ilikuwa imebaki siku chache tu.

Je, bei za namna hii huwa zinashuka? Huwa. Ila muda wake unategemea kilichozipandisha. Julai 1993 kiwanda cha Sumitomo Chemical kililipuka huko Niihama, Japani. Ndicho kilichokuwa kinatoa zaidi ya nusu ya gundi maalumu ya kufunikia chipu duniani. RAM zikapaa ndani ya wiki chache, kisha ikaonekana akiba ipo na viwanda vingine vinaweza kuziba, joto likapungua. Ile ilikuwa hofu zaidi kuliko uhaba. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya hadi diski (hard disk, za kuhifadhia mafaili), vikiwemo vya Western Digital. Hapo mashine zilikuwa chini ya maji kweli, na bei zilichukua zaidi ya mwaka kutulia. Halafu kuna kadi za picha wakati wa uchimbaji wa sarafu za kidijitali: mwaka 2021 ulikuwa huwezi kuipata kwa bei ya kiwandani hata kwa dawa, kisha 2022 bei ikaanza kulainika, na Septemba mwaka huo Ethereum, moja ya sarafu hizo, ikabadilisha mfumo na wachimbaji wakakosa kazi ya kadi zao. Zilizotumika zikamwagika sokoni, nyingine zikafika mpaka huku kwetu zikiwa zimechoka hoi.

Ajali hupona haraka. Mahitaji yakibadilika, unangoja mawili: ama viwanda vipya, ama mnunuzi mkubwa achoke. Viwanda vinakuja. Micron wanajenga Idaho na wanatarajia kuanza kuzalisha 2027. SK Hynix wana mradi wa Yongin, nao unalenga 2027. Samsung wamesema jengo lao jipya la Pyeongtaek litaanza 2028. Uchina kuna CXMT, watengenezaji wengine wa RAM, wanaokua kwa kasi. Mnunuzi mkubwa kuchoka ndiko hakutabiriki: fedha zinazomwagwa kwenye vituo vya data zikipungua ghafla, sahani zitarudi kwenye RAM za kawaida mapema, na bei inaweza kuanguka kwa kishindo kama 2023. Mimi sipangi biashara yangu kwa kutegemea hilo. Napanga kana kwamba RAM itabaki ghali 2026 yote na sehemu nzuri ya 2027. Na hata ikianza kushuka kule Korea, sisi tutachelewa kuiona, kwa kuwa muuzaji aliyejaza rafu kwa bei ya juu ataing'ang'ania mpaka imalizike.

Kisha kuna lile nililoligusia mwanzo. Nafuu itakapokuja itakuja kwenye DDR5 na zitakazoifuata, kwa sababu ndizo viwanda vipya vitakazotengeneza. DDR4 mpya inaweza isishuke kabisa. Kitakachoishusha kwetu ni kompyuta za zamani za maofisi ya Ulaya zinazokatwa vipuri. Kwa hiyo kusema "nitasubiri DDR4 ishuke" ni kama kusubiri basi kwenye kituo kilichohamishwa.

Basi ufanye nini? Kabla ya kununua chochote, hakikisha RAM ndiyo inayokukwamisha. Fungua mradi wako wa video mzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya Performance kisha Memory. Fanya kazi kama kawaida kwa nusu saa. Kama kumbukumbu inagota asilimia 90 na kuendelea, RAM ni tatizo kweli. Kama iko 60 na kompyuta bado inajikokota, tazama diski: laptopu yako ikiwa bado na hadi diski ya kuzunguka, SSD, diski isiyo na kinachozunguka, itakufaa zaidi kuliko RAM yoyote, ingawa nazo zimepanda. Hapo hapo kwenye Memory utaona maandishi "Slots used". Ikiandika 1 of 2, una nafasi tupu, na hapo ndipo penye bahati yako.

Maana ningekuwa wewe nisingenunua GB 16. Ningetafuta GB 8 moja iliyotumika, niichomeke kwenye nafasi tupu, nifike GB 16 kwa jumla. Zikiwa mbili zinazolingana zinafanya kazi kwa pamoja, na kwa kazi ya video hilo lina faida yake. Watu wanaogopa RAM ya mtumba, lakini katika vipuri vyote vya kompyuta ni miongoni mwa visivyochakaa. Haina kinachozunguka, haina betri. Inayokufa mara nyingi ni ile iliyochomekwa vibaya au iliyopigwa na umeme wa hovyo. Ijaribu kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, ambayo ni ya bure. Ikitoa kosa hata moja, irudishe.

Upande wa pili, punguza mzigo wa kompyuta yenyewe. Programu nyingi za kuhariri zinakuruhusu kutengeneza nakala nyepesi za video, unakata na kupanga ukitumia hizo, kisha ukitoa kazi ya mwisho inarudi kwenye video halisi. Vijana wengi wanaohariri video nzito za 4K moja kwa moja kwenye GB 8 hawajui kama njia hiyo ipo. Jaribu wiki hii kabla hujapanda basi la kwenda Dar.

Kubadilisha laptopu nzima si wazo baya kama linavyosikika. Wakati wa mawimbi haya kompyuta kamili huchelewa kupanda kuliko kipuri chake, kwa sababu muuzaji wa kompyuta zilizotumika huwa na mzigo alionunua zamani. Nimekuta laptopu za ofisi zenye GB 16 tayari ambazo, ukitoa utakachopata kwa kuuza ya kwako, tofauti haiko mbali na bei ya RAM mpya. Lakini pesa iwe ya kwako. Ukiniambia utakopa, na hasa kama ni ile mikopo ya kausha damu, jibu langu ni hapana. Hesabu ya kununua ghali nayo ina kipimo: kama uzito wa mashine unakufanya ukatae harusi mbili kwa mwezi, fedha unayoipoteza kwa kusubiri inazidi hiyo 270,000 ndani ya msimu mmoja, basi nunua usilaumu. Kama unachopoteza ni usingizi tu, tumia nakala nyepesi na uvumilie.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, mpelekee fundi mashine mkononi. Kama kwenye Memory huoni nafasi ya pili, huenda RAM yako imechomelewa kwenye mazabodi (kibao kikuu cha laptopu) na haiongezeki; fundi aifungue mbele yako mjue. Kama laptopu inazima ghafla au inatoa skrini ya bluu, usinunue kitu mpaka ipimwe, kwani nimeona watu wamenunua RAM kutibu ugonjwa wa joto. Na kama hujui ni DDR4 au DDR5, usikisie. Hazichomekani moja mahali pa nyingine, na anayelazimisha anavunja soketi.

Ukienda Kariakoo, beba laptopu yenyewe. Wakuchomekee pale pale, iwake, ufungue Memory uone GB 16 na kasi iliyoandikwa, maana siku hizi stika inaweza kusema 3200 na chipu ndani ikasema 2400. Kwenye risiti waandike aina, kasi na siku za kurudisha. Mimi natoa siku saba. Anayekataa kuandika hata mbili, nenda duka linalofuata.